UZI: "Kila Mtoto na Kishikwambi Chake" – Miaka 100 ya Mashine za Kufundisha Hesabu

1/ Msimu wa kampeni ukikaribia, kuna ahadi moja haikosi jukwaani: vifaa vya kidijitali kwa wanafunzi. Mmoja anasema kila mtoto wa sekondari msingi atapewa kishikwambi chenye programu ya hisabati. Mwingine anajibu ati hiyo ni kuchoma pesa, afadhali aajiriwe mwalimu. Makofi pande zote mbili. Mjadala unaishia hapo.

2/ Leo tuifungue mada hii pole pole. Kama kawaida ya hapa, hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunaangalia jambo lenyewe: hizi programu za mazoezi ya hesabu mtandaoni zilitoka wapi, zimejaribiwa wapi, zimefaulu wapi na zimeanguka wapi. Wengi wanadhani ni kitu cha juzi. La. Wazo hili lina karibu miaka 100.

3/ Kwanza tuelewane ni kitu gani. Programu inampa mtoto swali. Anaandika jibu. Anaambiwa papo hapo kama amepata ama amekosa. Akikosa, anapewa dokezo au swali rahisi kidogo. Akipata, anasonga mbele. Mwalimu naye anaona kwenye skrini yake nani amekwama na amekwama wapi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Rangi, nyota na vikatuni ni mapambo.

4/ Sasa historia. Miaka ya 1920, Sidney Pressey, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Ohio State kule Marekani, alitengeneza kijimashine chenye dirisha dogo na vibonyezo 4. Swali linatokea dirishani, mwanafunzi anabonyeza jibu. Mashine ikiwekwa upande wa kufundisha, haisongi mbele hadi abonyeze jibu sahihi. Hakukuwa na kompyuta wala intaneti, ila wazo lilikuwa ni hili hili la leo. Soko halikumkubali.

5/ Mwaka 1953, B. F. Skinner wa Harvard alitembelea darasa la hesabu la binti yake. Aliona mambo mawili yaliyomkera. Moja, watoto wanafanya maswali lakini hawajui kama wamepata hadi karatasi zisahihishwe baadaye. Mbili, wote wanaenda mwendo mmoja: aliyemaliza anakaa tu, aliyekwama anaachwa nyuma. Akaenda kutengeneza mashine yake ya kufundishia.

6/ Simama hapo kidogo. Mwalimu wa gredi ya 7 ana madaftari 60 ya kusahihisha. Mtoto anafanya zoezi Jumatatu, analirudishiwa Alhamisi, na kufikia hapo ameshasahau alikuwa anawaza nini. Malalamiko ya Skinner ya 1953 bado yako hai Kakamega, Kwale na Kajiado. Kwa hivyo anayesema programu hizi hazina maana kabisa, hebu kwanza amjibu huyo mwalimu wa madaftari 60.

7/ Pesa zilikujaje? Siasa. Mwaka 1957 Wasovieti walirusha Sputnik angani, Marekani ikashtuka. Mwaka 1958 ikapitisha sheria ya kumwaga pesa katika elimu ya sayansi na hisabati kwa jina la ulinzi wa taifa. Mwaka 1960 Chuo Kikuu cha Illinois kikaanza PLATO, mfumo wa kufundishia kwa kompyuta. Usidhani ni sisi tu tunaochanganya kompyuta za shule na siasa. Zimezaliwa humo.

8/ Katikati ya miaka ya 1960, Patrick Suppes wa Stanford aliunganisha shule za California na kompyuta ya chuo kwa laini za simu. Mtoto anakaa mbele ya mashine kama taipureta, swali la hesabu linajichapa lenyewe, naye anachapa jibu. Baadaye ikapelekwa Mississippi, jimbo maskini. Suppes aliandika mwaka 1966 kwamba baada ya miaka michache mamilioni ya watoto wa shule watakuwa na mkufunzi wao binafsi, kama Aleksanda Mkuu alivyokuwa na Aristotle.

9/ Na matokeo? Mississippi faida ilionekana kubwa kuliko California. Hapa kuna somo la kwanza, liandikeni: ukiuliza "je, mashine inasaidia?" lazima uulize pia "kulingana na nini?" Mahali mtoto hapati mazoezi ya kutosha, mashine inaongeza kitu. Mahali mwalimu yuko na mazoezi ya kila siku yapo, nafasi ya mashine kuonekana shujaa ni ndogo.

10/ Suppes huyo huyo anatuunganisha na sisi, na wengi hawajui. Miaka ya 1970 kundi lake lilienda Nicaragua, ambako shule za mashambani hazingepata kompyuta. Wakatumia redio. Redio inauliza swali la hesabu, inanyamaza kidogo, darasa zima linajibu kwa sauti, kisha redio inatoa jibu. Mantiki ni ile ile ya mashine ya Pressey, kwa kifaa cha bei nafuu.

11/ Mtindo huo ukaja Kenya mwaka 1980. Mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio, madarasa ya kwanza matatu ya msingi, uliendelea hadi 1985. Kwa hivyo Kenya haikuanza mambo ya teknolojia darasani na vishikwambi. Swali la "tutumie kifaa gani kinachofika kila kijiji" tumekuwa nalo zaidi ya miaka 40.

12/ Sasa tufike kwa kijana anayepaswa kujulikana na kila mtu anayegombea kiti. Kwenye utafiti anaitwa Benny. Alikuwa na miaka 12, kule Marekani. Mwaka 1973 mtafiti Stanley Erlwanger aliandika habari zake. Shule yake ilitumia mfumo wa hisabati ambapo kila mtoto anajisomea kwa mwendo wake, anafanya jaribio, anasahihishiwa kwa karatasi ya majibu, akifikisha 80% anasonga mbele. Mwalimu alimhesabu Benny kati ya wanafunzi wake bora.

13/ Erlwanger akakaa naye chini, akamwuliza anapataje majibu. Sehemu 2/10 kwa desimali ni ngapi? Benny: 1.2. Kwa nini? 2 jumlisha 10 ni 12, weka nukta katikati. Na 5/10? 1.5. Na 0.3 jumlisha 0.4? Benny: 0.07. Majibu sahihi ni 0.2, 0.5 na 0.7. Mtoto alikuwa amejitungia sheria zake, na alikuwa anazitetea vizuri kabisa.

14/ Aliponeaje hadi akaonekana hodari? Kwa sababu mfumo uliangalia jibu tu, haukuuliza sababu. Akikosa, anajaribu jibu lingine hadi liingie. Mwishowe alianza kuona hisabati kama mchezo wa kukisia karatasi ya majibu inataka nini. Hata majibu mawili yaliyo sawa, kwake lililokubaliwa na karatasi ndilo la kweli, mengine ni makosa.

15/ Mfumo wa Benny ulikuwa wa karatasi, haukuwa wa kompyuta. Lakini ugonjwa ni ule ule. Kila mzazi aliyeona mtoto akibonyeza A, B, C, D haraka haraka hadi kijani iwake anajua tunaongea nini. Programu inaandika "umefaulu mada hii". Ripoti inapanda kaunti, inapanda wizara, mtu anaisoma jukwaani. Na mtoto bado anaamini 5/10 ni 1.5.

16/ Hii ndiyo sababu shule ya pili ya mawazo ilizaliwa. Seymour Papert wa MIT, aliyeshiriki kutengeneza lugha ya Logo mwaka 1967, alisema kompyuta isimpangie mtoto. Mtoto ndiye aipangie kompyuta. Tangu wakati huo ubishi umekuwa huo: je, kompyuta iwe ya mazoezi au ya ubunifu? Ukisikia mwanasiasa mmoja anataka "mazoezi ya hesabu" na mwingine anataka "watoto wajifunze kuandika programu", ubishi wao ni wa miaka 50 iliyopita.

17/ Tuje kwa ushahidi wa karne hii. Mwaka 2007 serikali ya Marekani ilitoa ripoti kubwa: shule 132, programu kadhaa za kusoma na za hisabati, zikiwemo za gredi ya 6 na aljebra. Madarasa yaliyotumia programu yalilinganishwa na yasiyotumia. Matokeo ya mitihani hayakuwa na tofauti ya maana. Pesa imetumika, vifaa vipo, alama zimebaki pale pale.

18/ Lakini usikimbilie kusema "si nilisema". Kuna programu moja ya aljebra iliyotoka kwa utafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Ilijaribiwa katika majimbo 7. Mwaka wa kwanza: hakuna kitu. Mwaka wa pili, katika shule za upili: mwanafunzi wa katikati, yaani nafasi ya 50 kati ya 100, angesogea hadi nafasi ya 58 hivi. Walimu walihitaji mwaka mzima kuzoea. Sasa jiulize miradi yetu mingapi hupimwa baada ya miezi mitatu, au haipimwi kabisa.

19/ Mfano ninaoupenda zaidi ni jimbo la Maine. Tangu 2002, jimbo hilo liliwapa wanafunzi wote wa gredi ya 7 na 8 katika shule za umma vipakatalishi. Vifaa peke yake havikutosha, vilihitaji kazi ya kufanya. Watafiti wakachukua shule 43, wakazigawa kwa bahati nasibu. Upande mmoja ukatumia programu ya bure inayoitwa ASSISTments kwa kazi ya nyumbani ya hesabu. Matokeo yalitoka 2016: gredi ya 7 walipata zaidi, na waliokuwa nyuma ndio walionufaika zaidi.

20/ Siri ilikuwa nini? Haikuwa masaa mengi. Ilikuwa chini ya dakika 10 kwa usiku, siku 3 au 4 kwa wiki. Maswali yalitoka kwa vitabu vile vile vya darasani. Asubuhi mwalimu anafungua ripoti, anaona swali la 4 limewashinda wengi, anaanza somo na hilo swali la 4. Mwalimu alipewa mafunzo na mtu wa kumshika mkono. Programu ilimpunguzia kusahihisha, ikamwachia kufundisha. Hapo ndipo Benny angekamatwa.

21/ Mfano wa pili, Delhi, India. Huu unafanana na sisi zaidi. Mtoto wa wastani wa gredi ya 6 alikuwa nyuma kwa zaidi ya miaka 2 katika hisabati. Watafiti walifanya kura. Walioshinda walipata nafasi ya bure katika vituo vya baada ya shule vya programu ya Mindspark. Dakika 45 kwa kompyuta, dakika 45 kwa kikundi kidogo na mwalimu msaidizi. Baada ya miezi minne na nusu hivi, walikuwa wamewapita wenzao kwa mbali katika hisabati, na Kihindi pia. Utafiti ulichapishwa 2019.

22/ Kwa nini ilifanya kazi? Programu ilimpima mtoto iko wapi kweli, ikaanzia hapo. Uko gredi ya 8 lakini sehemu za gredi ya 5 hujashika? Tunaanza na gredi ya 5. Mwalimu mwenye silabasi ya kumaliza na wanafunzi 60 hawezi kufanya hivyo kwa kila mmoja. Hii ndiyo hoja nzito kabisa ya upande wa "tununue programu", na ajabu ni kwamba hutaisikia jukwaani. Utasikia tu "karne ya 21".

23/ Na mfano wa kuanguka? Peru. Serikali iligawa vipakatalishi kwa wingi kwa shule za vijijini. Utafiti wa shule 319 uliotolewa 2012 haukuona faida katika hisabati wala lugha. Kompyuta zilikuwepo kweli, lakini hakukuwa na mpango wa somo wala msaada wa kutosha kwa mwalimu. Sanduku lilifika, elimu haikufika.

24/ Rudi nyumbani. Mwaka 2013 tuliahidiwa kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Kilipoanza kusambazwa 2016, kilikuwa kishikwambi kinachokaa shuleni. Zaidi ya vifaa milioni 1 vilifika zaidi ya shule 20,000 za msingi. Tuseme ukweli wote: mradi huo ulisukuma stima hadi shule ambazo zingengoja miaka mingi. Hiyo ni faida ya kudumu. Lakini vifaa vililenga darasa la kwanza, na kwingi viliishia kabatini.

25/ Kisha Januari 2023 gredi ya 7 ikaanza, ikawekwa ndani ya shule za msingi. Yaani wanafunzi wa miaka 12 hadi 14 walikuta shule yenye vifaa vya watoto wa miaka 6, maabara hakuna, na mara nyingi walimu wachache, wengi wao wanagenzi, wanaofundisha hata masomo wasiyosomea. Mtu wa Kiswahili anafundisha hisabati. Kwa shule kama hiyo, ile kauli ya "mwalimu au kishikwambi?" ina uchungu, maana hakuna hata kimoja.

26/ Na hesabu yenyewe imepanda bei. Mwaka 2025 kulizuka zogo kuhusu kufanya hisabati kuwa ya hiari katika sekondari ya juu. Watu walipiga kelele, ikaamuliwa kila mwanafunzi atasoma hisabati ya aina moja au nyingine. Sawa. Lakini ukimlazimisha mtoto kuendelea na hesabu hadi gredi ya 12, na msingi wake ulivunjika kwenye sehemu na desimali, umemwongezea miaka ya kuhisi yeye ni mjinga. Gredi ya 7 hadi 9 ndipo pa kuziba pengo.

27/ Kuna ushahidi wa hapa kwetu pia. Watafiti walijaribu mambo matatu katika Kaunti ya Kisumu, kwa kusoma kwa madarasa ya chini: kundi moja wanafunzi walipewa vifaa vya kusomea vya kielektroniki, kundi la pili walimu walipewa vishikwambi, kundi la tatu vikapewa maafisa wanaozunguka kuwasaidia walimu. Yote matatu yalisaidia. Hakuna lililowaacha mengine mbali, na la maafisa ndilo lilikuwa la bei nafuu. Utafiti ulitoka 2016, mwaka ule ule tulioanza kugawa kwa wanafunzi. Hapo sasa.

28/ Halafu kuna suala la "mtandaoni". Sensa ya 2019 ilionyesha 22.6% ya Wakenya wa miaka 3 na zaidi walitumia intaneti, na 10.4% kompyuta au kishikwambi. Shule zilipofungwa Machi 2020, tofauti hiyo ilionekana mchana peupe. Aliyekuwa na Wi-Fi aliendelea. Aliyekuwa na simu ya kabambe alipata maswali kwa SMS kupitia huduma kama Shupavu 291, jambo zuri. Asiye na chochote alichunga mbuzi hadi Januari 2021. Siku hizi simu zimeongezeka, lakini bando bado hununuliwa kwa pesa ya unga.

29/ Na hata vifaa vikiwepo, kuna tatizo lingine. Mwaka 2024 Laurence Holt alikusanya tafiti za programu maarufu za hisabati Marekani, akaonyesha kwamba faida zinazotangazwa hutoka kwa wanafunzi wanaotumia kwa muda uliopendekezwa, na hao ni takriban 5%. Wale 95%? Wanaingia, wanabonyeza, wanatoka. Mara nyingi wale 5% ndio waliokuwa wanaipenda hesabu tangu mwanzo. Kampuni inaonyesha picha zao kwenye brosha, na mbunge anaisoma.

30/ Kwa hivyo historia ya miaka 100 inasemaje? Mashine inafanya vizuri vitu viwili: kumwambia mtoto papo hapo amepata au amekosa, na kumwanzia mahali alipo. Haiwezi kujua kwa nini amekosa kama mwalimu anayeketi naye na kumwuliza "umefikaje hapo?" Maine na Delhi walifaulu kwa sababu waliweka mtu kando ya mashine. Peru walianguka kwa sababu waliweka mashine peke yake.

31/ Maana yake ile hoja ya "kishikwambi au mwalimu" ni mtego. Mwenye kununua vifaa bila mwalimu anarudia Peru. Mwenye kusema mwalimu tu, bila kuangalia madaftari 60 na watoto walio nyuma miaka 2, anaturudisha kwa darasa alilolilalamikia Skinner. Wote wawili wanachagua sentensi yenye makofi.

32/ Mdahalo ujao, mgombea wa kiti chochote akitaja vishikwambi na hesabu, muulizeni haya:
– Ni gredi gani, na mtoto atatumia dakika ngapi kwa wiki?
– Maswali yanafuata mtaala wetu, au yametoka nchi nyingine na yanahesabu senti za dola?
– Yanafanya kazi bila intaneti?
– Mwalimu atapata mafunzo ya siku ngapi, na nani atarudi kumwona baada ya mwezi?

33/ Endeleeni:
– Kifaa kikiharibika mwaka wa pili, pesa ya kukitengeneza iko kwenye fungu gani?
– Data za watoto wetu zitakaa wapi, na nani anaziona?
– Mtaanza na shule chache na kulinganisha na zisizopata, kabla ya kumwaga nchi nzima?
– Mtapima baada ya miaka 2, na matokeo yatawekwa wazi hata yakiwa mabaya?
Mgombea anayejibu hata nusu ya haya, huyo amesoma.

34/ Na kwa mzazi au mwalimu anayesoma hapa, huhitaji kungoja serikali kwa jambo moja. Mtoto akikuonyesha kijani kwenye skrini, mwambie: "Nionyeshe umefikaje hapo." Akishindwa kueleza, hiyo kijani haijamaanisha chochote bado. Swali hilo halihitaji bando, na ndilo lililomfichua Benny.

35/ Uzi umefika mwisho. Walimu wa hisabati wa gredi ya 7 hadi 9, mko hapa najua. Tuambieni chini: shuleni kwenu vifaa vinatumika, viko kabatini, au havikuwahi kufika? Andikeni kaunti tu, msitaje shule. Wiki ijayo tunaangalia mgao wa pesa kwa kila mwanafunzi: unatoka wapi, unachelewa wapi.